Chico de Oliveira hakuwahi kuzaliwa

Ichukue santuri ya "Lambada", ile ya kundi la Kaoma iliyotoka Ufaransa mwaka 1989, uisome karatasi yake ya katikati. Jina la mtunzi lipo, kwa zile herufi ndogo ambazo hakuna mcheza disko aliyewahi kuhangaika nazo: Chico de Oliveira. Aliyelichagua alijua anachofanya. Ukilisikia tu unamwona mzee wa pwani ya Bahia, kofia ya ukindu kichwani, gitaa pajani. Mzee huyo hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la bandia la Mfaransa Olivier Lorsac, na ndilo lililoandikishwa SACEM, chama cha Ufaransa kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki.

Naanza na jina hilo kwa sababu kisa cha "Lambada" husimuliwa kombo. Vipindi vya zilipendwa vikiufikia wimbo huu, mtangazaji hutuambia ni kibao cha Brazil kilichoibuka tu kikaiteka dunia. Wimbo si wa Brazil, wala haukuibuka tu. Ulipita mikono mingi, na karibu kila mkono uliongeza kitu cha maana. Ilipofika saa ya kugawana, waliotambuliwa ni wale waliokuwa na karatasi.

Jina lake la kwanza ni "Llorando se fue", na nyumbani kwake ni Bolivia, nchi isiyo hata na pwani. Waliouandika ni ndugu wawili, Ulises na Gonzalo Hermosa, wa kundi la Los Kjarkas lenye asili yake Capinota, mji mdogo wa mkoa wa Cochabamba. Waliurekodi mwaka 1981. Msomaji mwenye simu na kifurushi asipoteze muda kunisoma mimi, autafute kwanza. Zinaingia filimbi za matete, zile za Andes ambazo mpigaji huzipuliza kwa kuhamisha midomo kutoka tete moja hadi jingine, na pumzi yake unaisikia kabla ya sauti. Charango, kigitaa kidogo chenye nyuzi kumi, kinacharaza kwa haraka huku ngoma kubwa ikienda taratibu. Kisha wanaume wanaimba habari za mtu aliyeondoka akilia na mapenzi asiyoweza kuyasahau. Ni wimbo wa majonzi. Mdundo wake unamruhusu mtu kuyumba, lakini kunengua sidhani.

Kilichotufanya tunengue kiliongezwa njiani. Mwaka 1984 kundi la Cuarteto Continental la Peru liliugeuza kuwa cumbia, na palipokuwa na filimbi likaweka akodiani. Ule mwito wa mwanzo ambao hata mtoto aliyezaliwa juzi akiupigiwa anaukamata, ule unaopanda kidogo na kushuka kama mtu anayekuita huku anakwenda zake, ulipata sauti ya akodiani mikononi mwa Waperu. Miaka miwili baadaye mwimbaji wa Brazil, Márcia Ferreira, akautoa kwa Kireno, kwa idhini ya wenyewe, ukaitwa "Chorando se foi". Maneno hayo ya Kireno ndiyo dunia iliyoyasikia kwa Kaoma. Kwa hiyo kabla ya Mfaransa yeyote kugusa kitufe cha studio, wimbo ulikuwa tayari na utunzi, akodiani na maneno. Kilichobaki kilikuwa mtindo wa kucheza, na huo nao ulikuwa na wenyewe.

Lambada kama muziki na kama ngoma ilikulia jimbo la Pará, huko Amazon inakomwaga maji yake baharini. Belém, mji mkuu wa jimbo hilo, uko mbali na Rio de Janeiro lakini si mbali na Karibi, na redio za wenyeji zilinasa merengue na cumbia za ng'ambo usiku kwa usiku. Wapiga muziki wakazichanganya na carimbó, ngoma yao ya asili. Mwaka 1976 Pinduca, mwimbaji wa carimbó, alikwisha kulitia neno lambada kwenye rekodi, na 1978 Mestre Vieira akatoa albamu nzima ya lambada ambamo gitaa la umeme ndilo linaloongoza, bila kuimba sana. Mpenzi wa rumba ya Kongo hashangai hapa. Sahani za Kuba za lebo ya GV zilipowasili Léopoldville miaka ya 1930, vijana wa kule walifanya kazi hiyohiyo: walisikiliza sauti kutoka ng'ambo ya maji, wakatambua kitu chao ndani yake, wakairudisha ikiwa mpya.

Kutoka Pará lambada iliteremka hadi Bahia, ikajikita Porto Seguro, mji wa pwani unaoishi kwa watalii. Huko ndiko ilikopata mwili tunaoukumbuka: miguu ya wawili imeingiliana, sketi fupi inaruka ikizungushwa, na mzunguko wote unaanzia kiunoni. Watalii wa kizungu walikaa kwenye vibanda vya ufukweni wakatazama kwa macho ya kutoamini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 miongoni mwa watazamaji hao walikuwamo wawili ambao hawakuja kuota jua tu, Jean Karakos na Olivier Lorsac.

Karakos hakuwa mgeni katika biashara ya muziki. Alikuwa mwanzilishi wa Celluloid, lebo iliyowahi kutoa rekodi za Touré Kunda, kundi la ndugu wa Senegal waliotamba Paris miaka hiyo. Wafaransa hao waliona kuwa kile kilichokuwa kikichezwa Porto Seguro kingeweza kuuzwa Ulaya, na wakafanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angelielewa mara moja: walinunua soko zima. Inatajwa kuwa walijipatia haki za nyimbo zaidi ya 400 za lambada. Kisha wakarudi nyumbani kutafuta watu wa kupiga.

Hapa lazima niwe mkweli, maana makala za namna hii huwa zinamchora mzungu kama mwizi asiye na kipaji. Rekodi ya Kaoma ni nzuri. Ni nzuri mno. Wapiga ala wake walitoka katika kundi lililowahi kuwasindikiza Touré Kunda, na miongoni mwao walikuwamo watu wa visiwa vya Karibi vinavyotawaliwa na Ufaransa. Masikio yangu yanasikia zouk chini ya wimbo ule, besi inayotembea kwa miguu laini huku ngoma za mashine zikishika zamu bila kutikisika. Jean-Claude Bonaventure, aliyeongoza kazi hiyo, aliuongezea mwendo bila kuuondolea huzuni. Na aliyeubeba mbele ni Loalwa Braz, mwanamke wa Rio de Janeiro aliyezaliwa 1953, mtoto wa mwongoza okestra na mpiga piano, ambaye alikuwa Paris akiimba muziki wa kwao kabla Kaoma haijapata hata jina. Msikilize anavyoingia. Hapazi sauti wala hapambi. Anaimba kama anayezungumza na mtu mmoja aliye karibu yake, na pengine ndiyo sababu wasiojua Kireno walidhani wanaelewa.

Basi ikaja sehemu ambayo mashabiki hawaipendi kuisikia. Ufaransa ina desturi yake ya kibao cha kiangazi, wimbo mmoja unaosindikiza likizo za Julai na Agosti na kuzikwa watu wakirudi kazini. TF1, televisheni kubwa kuliko zote nchini humo, ilikuwa imebinafsishwa mwaka 1987 na ilijua thamani ya kila dakika ya hewani. TF1 ikaingia kwenye mradi, na kinywaji cha Orangina nacho kikaingia kama mdhamini. Kiangazi cha 1989 video ya Kaoma ikaonyeshwa tena na tena mpaka Mfaransa aliyetaka kuikwepa alihitaji kuzima televisheni. Leo tunasema wimbo umevuma mtandaoni, tukidhani zamani mambo yalijiendea. Hayakujiendea. Kulikuwa na meza, mkataba, na kampuni ya soda.

Video nayo ilipigwa kwa hesabu. Ufukwe wa Bahia, mchana, kibanda cha vinywaji. Watu wazima wanacheza, lakini kamera inawarudia watoto wawili, Chico na Roberta, mvulana mweusi na msichana mwenye nywele za dhahabu, wanaocheza kwa ustadi kuliko wakubwa. Mtu mzima anaingilia kuwatenganisha, na Loalwa anasimama upande wa watoto. Kwa dakika chache mtazamaji anapewa mapenzi, ubaguzi na suluhu, vyote bila kulazimika kuelewa neno hata moja. Tena ngoma iliyokuwa ikilaumiwa kwa kukosa haya inasafishwa, kwa sababu wanaoicheza mbele yako ni watoto. Kama mzazi ningekuwa na la kusema juu ya kuwatumia watoto hivyo, lakini kwa kazi iliyokusudiwa sijaona ujanja uliofanikiwa zaidi.

Wimbo ulikaa namba moja Ufaransa kwa wiki 12. Ukashika nchi baada ya nchi barani Ulaya, ukafika namba 4 Uingereza, mahali ambapo nyimbo za lugha za kigeni hazipewi kiti kwa urahisi. Rekodi zikauzwa kwa mamilioni. Huku kwetu uliingia kwa kaseti na kwa redio, ukapigwa kwenye madisko na kwenye kumbi za harusi kabla ya MC kutangaza keki, na wengi waliocheza hawakujua Kaoma ni mtu, kundi au kijiji. Marekani ndiko ulikogonga mwamba, maana kwenye chati yao kuu uliishia namba 46. Hollywood lakini haikungoja chati. Tarehe 16 Machi 1990 filamu mbili za lambada zilitoka siku moja, moja ya Menahem Golan na nyingine ya Yoram Globus, mabinamu waliokuwa wameendesha kampuni pamoja kabla ya kukorofishana. Zote mbili zilikuwa mbaya. Biashara ikifika mahali mabinamu wanagombea ngoma ya watu wengine, ujue imeiva na inakaribia kuoza, na kweli baada ya miezi michache Ulaya ikahamia wimbo mwingine.

Huko Cochabamba, wakati huo, ndugu Hermosa walikuwa wanasikia wimbo wao ukitoka redioni kwa jina la Chico de Oliveira.

Ili kuelewa hasira yao inabidi kujua pesa ya wimbo inavyotembea. Wimbo una haki za namna mbili. Kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, na hiyo kwa kawaida ni ya aliyegharamia. Halafu kuna haki ya utunzi, yaani mtiririko wa sauti na maneno, na hiyo ni ya aliyeandika. Redio ikipiga wimbo, hoteli ikiuweka kwenye ukumbi, bendi ikiurudia jukwaani, fungu la mtunzi linakwenda kwenye chama cha kukusanya mirabaha, na karani wa chama hafanyi upelelezi. Anafungua daftari, anatazama jina, analipa. Jina likiwa Chico, pesa ni za Chico. Mwimbaji aliyetokwa na jasho lakini hakuandika chochote hayumo kabisa kwenye safu hiyo ya daftari.

Inachekesha kidogo kwamba mambo haya yalitokea Paris, maana utaratibu wenyewe ulizaliwa huko. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake waliketi mkahawa wa Ambassadeurs, barabara ya Champs-Élysées, wakaletewa maji ya sukari, na bendi ikawa inapiga nyimbo zake. Hesabu ilipoletwa akakataa kulipa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mnauza kwa kutumia muziki wangu bila kunilipa, nami nitakunywa maji yenu bila kuwalipa. Ikaenda mahakamani, Bourget akashinda, na mwaka 1851 SACEM ikaundwa. Miaka 138 baadaye, katika mji huohuo na kwa daftari hilohilo, soda ikauzwa kwa wimbo wa watu wa Cochabamba.

Kilichowaokoa ndugu Hermosa kilikuwa karatasi. "Llorando se fue" ulikuwa umesajiliwa kwa GEMA, chama cha Ujerumani chenye kazi kama ya SACEM, kabla Kaoma haijaingia studio, na Márcia Ferreira alikuwa na idhini ya maandishi ya kuutafsiri. Shauri lilipofunguliwa hapakuwa na pa kujificha. Utunzi ukarudishwa kwa wenyewe na malipo yakafanyika. Tangu hapo majina yao yanaufuata wimbo popote: Jennifer Lopez alipoutumia mwaka 2011 katika "On the Floor", na Don Omar wa Puerto Rico alipoutumia mwaka huohuo katika "Taboo", Ulises na Gonzalo Hermosa waliandikwa miongoni mwa watunzi. Ulises hakuyaona hayo, alifariki 1992. Sisi tunaokumbuka sakata la "Malaika", jinsi watu walivyobishana miongo mingi juu ya nani hasa aliutunga huku mastaa wa dunia wakiuimba, tunajua kuwa mwisho wa namna hii ni nadra.

Ningeweza kuishia hapo, na makala nyingi juu ya "Lambada" huishia hapo. Mnyonge kashinda. Ila mnyonge naye alikuwa na deni ambalo hakuna mahakama iliyomuuliza.

Kaskazini mashariki ya La Paz milima ya Bolivia inateremka ghafla kwenye mabonde ya joto yanayoitwa Yungas, kwenye mashamba ya koka, kahawa na ndizi. Vijiji vya huko, Tocaña kwa mfano, karibu na mji wa Coroico, vina watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Bolivia na Wahispania kwa ajili ya migodi ya fedha ya Potosí na baadaye mashamba ya Yungas. Muziki wao unaitwa saya. Una ngoma za ukubwa tofauti zinazojibizana, kigogo chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti, kiongozi anayetoa mstari na kundi linalompokea, na mmoja amefunga njuga miguuni. Mwanahistoria wa jamii hiyo, aliyeandika habari zao kutoka ndani, anaitwa Juan Angola Maconde. Lisome tena jina lake la mwisho kwa sauti, hasa ukiwa msomaji wa Newala au Masasi.

Mwaka 1969 vijana wa familia ya Estrada Pacheco, mjini La Paz, walibuni ngoma ya maonyesho iitwayo caporales, wakiongozwa na walichokiona kwa watu weusi wa Yungas. Caporal ni mnyapara wa shamba. Wanaume huvaa buti zenye njuga na mavazi yanayometameta, wanaruka na kukanyaga kwa majivuno ya mnyapara. Ngoma hiyo ikapendwa mno mijini, makundi ya muziki yakaiandikia nyimbo, na nyimbo hizo zikaitwa saya. Los Kjarkas ndio waliozieneza kuliko wote, na "Llorando se fue" huwekwa katika kapu hilohilo. Kuanzia miaka ya 1980 vijana wa Yungas walisimama hadharani wakasema hiyo siyo saya. Fikiria uchungu wake: mdundo wa waliokuwa watumwa umechukuliwa ukavalishwa buti za mnyapara, kisha ukapewa jina lao.

Ndugu Hermosa hawakuiba. Mtu aliyelelewa katika nchi husikia yaliyomo ndani ya nchi hiyo na kuyafanyia kazi, ndivyo nyimbo zote zinavyotengenezwa. Lakini tazama jinsi sheria ilivyokata. Mtiririko wa sauti ulioandikwa na watu wawili wenye majina ulilindwa mpaka Paris ikaukubali. Mdundo ulioshikwa na kijiji kizima kwa karne kadhaa, hauna karatasi, basi hauna mwenyewe. Akodiani ya Peru haina mwenyewe. Kiuno cha Porto Seguro hakina mwenyewe, ingawa bila kiuno hicho TF1 isingekuwa na cha kuonyesha.

Bolivia yenyewe ilikwisha kuuona mwanya huu. Mwaka 1973 serikali yake iliiandikia UNESCO ikitaka muziki na ngoma za asili zilindwe dhidi ya watu wa nje wanaozichukua na kuzifanya mali yao. Barua ilikuwa ya haki, ila iliandikwa na utawala wa kijeshi wa Hugo Banzer, na ungemtafuta mtu wa Yungas aliyeulizwa maoni kabla haijatumwa ungechoka. Watafiti huihesabu barua ile kuwa mwanzo wa safari iliyoleta mkataba wa 2003 wa urithi wa utamaduni usioshikika, na kwa mkataba huo rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwezi Desemba 2021. Kinshasa na Brazzaville zilishangilia, na zilistahili. Orodha hiyo hailipi mirabaha lakini. Inatoa heshima na cheti, na cheti hakimnunulii mpiga gitaa mzee dawa za sukari.

Je, basi mdundo uwe mali ya mtu? Hapa naachana na marafiki wengi wanaotetea wasanii, na nitatumia kibao kingine cha Kilatini kueleza kwa nini.

Mwaka uleule wa 1989 huko Kingston, Jamaika, wapiga muziki wawili, Wycliffe Johnson na Cleveland Browne, wanaojulikana kama Steely na Clevie, walitengeneza biti iliyoitwa "Fish Market". Shabba Ranks akaimba "Dem Bow" juu ya mdundo wa aina hiyo. Ukapokelewa Panama, kwa wajukuu wa Wajamaika waliokwenda kuchimba mfereji, ambao walikuwa tayari wanaimba rege kwa Kihispania. Ukafika Puerto Rico, kwenye mitaa ya nyumba za serikali za San Juan, ambako vijana waliutia kwenye kaseti na polisi wakazikamata kaseti hizo madukani katikati ya miaka ya 1990 kwa madai ya matusi. Ndiyo regaetoni. Mwaka 2004 Daddy Yankee aliutoa nje ya kisiwa kwa "Gasolina". Na Januari 2017 Luis Fonsi, mwimbaji wa nyimbo laini za mapenzi, akatoa "Despacito" aliyoiandika na Erika Ender wa Panama, Daddy Yankee akiongeza sehemu yake.

"Despacito" ni mtoto wa "Lambada" kwa namna yake. Inaanza na cuatro, gitaa dogo la Puerto Rico, kabla mashine haijaingia. Video yake ilipigwa La Perla, mtaa wa maskini uliobanwa kati ya ukuta wa mji mkongwe wa San Juan na bahari, na watalii wakaanza kumiminika huko baadaye kupiga picha. Ilikuwa tayari inatamba Amerika ya Kusini na Hispania Justin Bieber alipoisikia kwenye klabu nchini Kolombia na kuomba kuingizwa. Rimiksi ikatoka Aprili. Matokeo yakawa wiki 16 namba moja Marekani, kiti ambacho Kaoma hawakukaribia hata kukigusa, na mwezi Agosti video ya asili ikawa ya kwanza YouTube kufikisha mitazamo bilioni 3. Safari hii majina ya watunzi yaliandikwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na Chico.

Ila mdundo ulibaki bila jina. Mwaka 2021 Clevie na warithi wa Steely, aliyefariki 2009, walifungua kesi Los Angeles. Fonsi ni mmoja wa walioshitakiwa, na orodha ikaongezeka mpaka nyimbo zaidi ya elfu moja. Wanadai kuwa ile biti ni utunzi wao. Mwaka 2024 jaji alikataa ombi la kuitupa kesi.

Nawaonea huruma wazee hao na bado naiogopa hukumu itakayowapa wanachokitaka. Kama "Fish Market" ingekuwa na hati na mlinzi mwaka 1989, kijana wa San Juan asiye na senti asingeweza kuigusa, na leo tusingekuwa na regaetoni ya kushitaki. Mdundo ukiwa mali, atakayeununua si mwanakijiji wa Tocaña. Atakuja mtu kama yule wa nyimbo 400, safari hii akiwa na mawakili.

Njia nyingine ipo, na cha ajabu iko Ufaransa ileile. Sheria ya mwaka 1985 iliweka tozo kwenye kaseti tupu, kwa hoja kwamba watu watanakili muziki nyumbani na hakuna awezaye kuwafuata mmoja mmoja. Robo ya tozo hiyo hairudi kwa mtunzi yeyote mwenye jina. Inakwenda kusaidia kazi mpya, maonyesho ya jukwaani na mafunzo ya wasanii. Yaani Mfaransa aliyemnakilia rafiki yake "Lambada" kwenye kaseti mwaka 1989 alichangia mfuko wa pamoja bila kujua, na mfuko huo ukawalipa watu wa Ufaransa. Hapo ndipo ningegonga meza. Fungu la namna hiyo likivuka mpaka, likafuata muziki ulikotoka hata pale pasipo mtunzi mmoja wa kuandikwa daftarini, Yungas ingepata shule ya ngoma bila kumzuia mtu yeyote duniani kupiga saya. Vyama vya mirabaha vitasema kazi hiyo ni ngumu kuipima. Vyama hivyohivyo hupima wimbo umepigwa mara ngapi kwa kinyozi wa Lyon.

Loalwa Braz aliuawa Januari 2017 huko Saquarema, jimbo la Rio, alikokuwa akiendesha nyumba ya wageni. Walioshitakiwa walidaiwa kumvamia ili waibe, na mwili wake ulikutwa ndani ya gari lililoteketezwa. "Despacito" ilikuwa na wiki moja tu tangu itoke. Jean Karakos naye alifariki mwezi huohuo, na magazeti ya Ufaransa yakamwandika kama mtu aliyeileta "Lambada". Kwa Bolivia nzima tanzia hizo zilitenga mstari mmoja, pale zilipoikumbuka.